Chumba Chetu Hakitaki Kabati, Kinataka Masanduku

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Aliyesema hivyo bila shaka hakuwahi kulala chumba cha hosteli chenye watu sita, wawili wakiwa wamebebwa. Kwetu sisi kila kitu ni cha uvunguni: shangazi kaja la nguo, ndoo, viatu, mchele, na zile notisi za semesta iliyopita unazozitafuta usiku wa kuamkia mtihani. Unainama mpaka mgongo unauma, halafu unaambiwa, "We vipi, watu tunalala."

Mwaka wa kwanza nilijifanya mjanja. Bumu lilipoingia tu, nikanunua kabati la dukani, lile la maranda yaliyogandishwa kwa gundi, linalong'aa kama meza ya meneja. Nilipohama kwenda geto, halikupita mlangoni. Tukalifungua. Kulifunga tena ndiyo ikawa kazi: matundu yamemomonyoka, skrubu zinazunguka tu hazishiki. Siku ndoo ilipomwagika, sehemu ya chini ikavimba kama mkate kwenye chai. Sehemu kubwa ya bumu langu ikaishia kutupwa nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwanafunzi hana sababu ya kununua kabati. Kabati ni la mtu aliyetulia. Sisi tunahama karibu kila mwaka, tena kwa bajaji. Tunachohitaji ni masanduku ya kipimo kimoja, yanayopangwa juu kwa juu, yenye vigawanyo vya ndani vinavyochomoka. Na tunaweza kuyatengeneza wenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Ubao mzima wa plaiwudi una futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Nilichukua wa milimita 12. Fundi akaupasua kwa urefu mapande manne ya sentimita 30, kisha kila pande akalikata vipande sita vya sentimita 40. Jumla vipande 24 vinavyolingana. Vipande vinne vinatoa sanduku moja lililo wazi mbele na nyuma. Nikatengeneza masanduku matano, na vile vinne vilivyobaki nikavipunguza kidogo viwe rafu za ndani.

Kuunga ni gundi nyeupe ya mbao na skrubu. Toboa kwanza tundu jembamba, la sivyo ukingo wa plaiwudi unapasuka. Kabla gundi haijakauka, pima kona kwa kona, mshazari huu na ule. Vipimo vikilingana, sanduku limekaa sawa. Kisha pigilia mgongo wa plaiwudi nyembamba. Usiudharau, ndio unaozuia sanduku lisiyumbe.

Utamu wenyewe uko ndani. Kila upande nilipigilia vijiti viwili vitatu kwa urefu tofauti, rafu inateleza juu yake bila msumari. Acha nafasi ya milimita mbili hivi, maana joto na unyevu wa Dar vikiivimbisha mbao, rafu inakwama. Wiki ya mitihani rafu zinakaa, nazijaza vitabu. Nikipika, nachomoa moja sufuria iingie. Siku ya kuhama nachomoa zote, nguo zinabaki humohumo, sanduku linapanda bajaji kama lilivyo.

Najua watakaosema, "Mimi nimekuja kusoma, siyo kuwa seremala." Sawa. Lakini huyo huyo ana mahesabu ya miaka mitatu kichwani na hajawahi kuyatumia kukata ubao mmoja. Wengine watasema tunawanyima mafundi riziki. Hapana. Mimi nilimlipa fundi anikatie kwa mashine, kwa sababu msumeno wa mkono ungenipindishia kila kitu. Kilichonifaidisha ni kujua ninachomwagiza. Hata nikiongeza skrubu, gundi na nauli, sikufikia bei ya lile kabati.

Sitawadanganya kwamba hakuna kasoro. Sanduku langu la kwanza limepinda mpaka leo, nalitumia kwa viatu. Na ukipanga matatu juu kwa juu, yaunganishe kwa bolti na uweke vizito chini, la sivyo siku moja utaangukiwa na kamusi.

Lakini faida kubwa siyo ya pesa. Wale tunaobebana tunajua ugomvi wa chumbani unaanzia wapi: nani kaweka nini juu ya kitu cha nani. Niliporudi hosteli mwaka huu, ndugu yangu ninayembeba nilimpa sanduku moja na rafu yake. Alilifuta vumbi, akapanga mashati yake manne, akakaa kitandani akiyaangalia. Tangu afike chuo alikuwa anaishi kwenye begi.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Badala ya fulana nyingine za uchaguzi, nunueni drili moja, bisibisi, futi kamba na mraba wa seremala, viwekwe ofisini, tuazime kwa kuacha kitambulisho. Plaiwudi tutachangishana wenyewe chumba kwa chumba.