Bunduki ya Babu si Urithi

Mzee anapofariki dunia, ukoo hukutana baada ya matanga kugawana alichoacha: shamba, ng'ombe, nyumba na vyombo. Lakini hutokea, Singida Mjini kama kwingineko nchini, kwamba darini hukutwa kitu kisichotajwa katika wosia: bunduki kuukuu ya vita, iliyoviringishwa katika gunia. Mjukuu aliyerithi jina la babu hudhani kwamba amerithi na bunduki yake. Dhana hiyo ni potofu, tena ni ya hatari.

Asili ya silaha za namna hiyo inafahamika. Mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza vilipita Kondoa, Singida na Dodoma, Wajerumani wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Waingereza. Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingizwa jeshini, na wengine wakapelekwa Habeshi, Madagaska na Burma. Askari alikabidhiwa bunduki ya kupigania. Hakupewa iwe mali yake. Iliyobaki nyumbani haikuwa halali kwa babu mwenyewe, seuze kwa mjukuu.

Hata bunduki iliyonunuliwa kwa kibali hairithiwi kama jembe. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kibali ni cha mtu, si cha ukoo. Mwenye kibali akifa, silaha yapasa kufikishwa polisi, na mrithi anayeihitaji huomba kibali kwa jina lake mwenyewe.

Yapo makosa yanayofanywa kwa ukaidi, na yapo yanayofanywa kwa hofu. Mjane aliyeachiwa bunduki haramu hujiuliza: akiipeleka kituoni, atapokewa kama raia mwema au kama mhalifu? Kwa hiyo hunyamaza. Siku moja bunduki ile huchukuliwa na jangili au mnyang'anyi, au hugeuzwa mchezo na watoto. Serikali iliitambua hofu hiyo ilipotoa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari kati ya Septemba 1 na Oktoba 31, 2022.

Tangazo la aina hiyo, hata hivyo, haliwafikii wananchi wote kwa gazeti peke yake. Ni wajibu wa watendaji wa kata na mitaa kulieleza mikutanoni kwa lugha nyepesi, na kumsindikiza mwananchi mwenye hofu hadi kituoni. Ni wajibu wa polisi kumpokea kwa heshima na kumwandikia hati ya makabidhiano. Afisa anayemkaripia mwananchi mmoja huwafundisha kumi kuficha.

Wapo wanaosema kuwa kutoa bunduki ni kumsahau babu. Singida yenyewe yawajibu. Simulizi za Wanyaturu humtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa nyuki. Hakuacha bunduki, lakini jina lake limepewa uwanja wa mpira wa mji huo.

Hapo ndipo kazi ya walimu inapoanza. Wazee wachache waliobaki wakiyakumbuka masimulizi ya baba zao waalikwe madarasani, na maneno yao yaandikwe. Bunduki irudi serikalini. Habari za babu zibaki kwa wajukuu. Huo ndio urithi usiohitaji kibali.