Karatasi ya CA-125

Juma hili tuzungumze juu ya karatasi moja ya labo inayotia hofu nyumba nzima: ile iliyoandikwa CA-125. Namba ikipanda, tunaanza kilio kabla ya msiba, na wengine wanauza shamba. Tutulie kwanza.

CA-125 ni protini inayopimwa katika damu. Robert Bast na wenzake waliitambua huko Marekani mwaka 1981, na leo daktari huiomba kwa mama mwenye uvimbe kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai. Labo nyingi huweka mpaka kwenye 35. Lakini haipandishwi na kansa peke yake. Mimba huipandisha, hata siku za mwezi, mayoma, maambukizi ya kizazi na ugonjwa wa ini.

Tena kuna kifua kikuu cha tumbo, na kwetu Kongo hilo tusilisahau hata kidogo. Mama anakonda, tumbo linajaa maji, namba inafika mamia. Kila kitu kinafanana na kansa ya ovari. Kuna wanawake waliopasuliwa kwa sababu ya kansa, madaktari wakakuta ni kifua kikuu, ugonjwa unaopona kwa dawa za miezi 6, ambazo hapa kwetu hutolewa bure. Kwa hiyo tuulize: ekografia imeonyesha nini? Kifua kikuu kimetafutwa? Tumwambie daktari pia kama hedhi imekoma au bado, maana namba husomwa pamoja na hayo.

Kwa msichana mdogo mwenye uvimbe, CA-125 haitoshi. Huombwa pia AFP na hCG.

Vikundi vingine vinataka kutoa pesa za likelemba ili wamama wote wapimwe. Sisi hatushauri. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 wasio na dalili, wengine wakipimwa damu hii kila mwaka. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Pesa hizo afadhali zimsaidie mama aliyekwisha kutibiwa kansa, kwa sababu kwake namba inayoshuka huonyesha kwamba dawa inafanya kazi.

Na kansa inapoanza, karibu nusu ya wagonjwa namba yao haijapanda. Mama ambaye tumbo lake limevimba majuma kadhaa, anashiba kwa matonge machache, anakwenda kukojoa kila mara, arudi hospitali hata kama karatasi inasema 20.