Mashine za Fedha Zilindwe

Kwa miaka mingi wananchi wamehimizwa waache kuficha fedha chini ya godoro, waziweke benki. Wameitika. Leo mkulima wa Laela au Namanyere aliyeuza mahindi yake, na mfanyakazi wa Sumbawanga apokeaye mshahara, huiendea mashine ya kutolea fedha kwa imani kama aliyo nayo mtu kwa ghala lake. Imani hiyo ikivunjika, kuijenga upya itakuwa kazi kubwa. Kwa hiyo twaona yafaa kusema juu ya wezi wa namna mpya.

Mashine ile ni kompyuta iliyokaa juu ya kasha la noti. Kompyuta hutii programu iliyomo ndani yake. Mwizi akiingiza programu yake, humtii mwizi. Mwaka 2014 wataalamu wa kampuni ya Kaspersky walieleza habari za programu iitwayo Tyupkin, iliyokutwa katika mashine zaidi ya 50 za Ulaya ya Mashariki. Wezi walifungua mashine, wakatia diski, kisha wakarudi usiku wa Jumapili au Jumatatu, wakabonyeza tarakimu, nayo ikatoa noti 40 kwa mara moja. Hawakuhitaji kadi ya mtu yeyote. Mashine walizozichagua ni zile zisizo na king'ora.

Wako na wengine wasioigusa mashine, bali hupenya mitambo ya benki yenyewe. Mwaka 2018 Serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya wizi wa namna hii katika benki za Afrika na Asia. Katika tukio moja la mwaka 2017 fedha zilichotwa kwa wakati mmoja katika nchi zaidi ya 30. Karibu yetu, mjini Kigali, walikamatwa mwaka 2019 watu 12, Wakenya, Wanyarwanda na Mganda mmoja, kwa kujaribu kupenya mitambo ya benki.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni kutupa uchawi. Basi mtu asidhani kuwa mashine itoayo noti bila kadi imerogwa. Huo ni wizi, na kinga yake yajulikana.

Kufuli zilizokuja na mashine kutoka kiwandani zibadilishwe, na king'ora kiwekwe. Fundi yeyote ajaye aulizwe kitambulisho na kibali, hata akiwa amevaa sare. Mashine ikatae diski ya mgeni, na iendeshe programu zilizoidhinishwa tu. Programu zilizokwisha muda, kama Windows XP ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia mwaka 2014, ziondolewe. Hesabu ya noti ilinganishwe na vitabu kila siku.

Haya ni wajibu wa benki, wala haifai tawi la Ufipa lipewe ulinzi hafifu kuliko la Dar es Salaam. Mwizi haulizi mji ni mkubwa au mdogo. Hutafuta mlango uliolegea. Tena, mwananchi akilalamika kuwa fedha zake zimepungua, asiambiwe kuwa kosa ni lake kabla ya uchunguzi kufanywa.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Namba ya siri ni ya mwenyewe, si ya rafiki wala ya msaidizi wa mlangoni. Anayeona watu wakifungua mashine usiku awaarifu polisi mara moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, lakini sheria humfuata mwizi baada ya kuiba. Kufuli humzuia kabla. Usipoziba ufa utajenga ukuta.