Dogo wa Nyahanga, Bagika au Bagalu? Nauli ya Watu Irudi!

Haya, kimenuka Nyahanga! Yule dogo fundi wa ngoma wa pale Kahama, ambaye klipu zake zimejaa kwenye simu za watu, anagombaniwa. Bagika wamemfuata, Bagalu nao wamemfuata. Na dogo, badala ya kutoa jibu, anakula kotekote: huku kapokea nauli, kule kapokea mavazi ya kuchezea. Msimu ndio huu, mavuno yakiisha ngoma zinaanza.

Kwa ambao hawajakulia Usukumani, haya si makundi ya juzi. Yametoka karne ya 19, Bagika wakimfuata Ngika na Bagalu wakimfuata Gumha, manju wawili waliokuwa hawapikiki chungu kimoja. Mashindano yao ni siku moja, uwanja mmoja, muda uleule. Kwa jadi anayeshinda ni anayevuta watu wengi, yaani mtazamaji anapiga kura kwa miguu. Ndiyo maana kila upande ulikuwa na dawa zake za mvuto, samba. (Wafuasi walitafutwa kwa mizizi, enzi hizo bando halipo.)

Sasa dogo anapima nini? Eti nani ana spika kubwa, nani atampeleka Bulabo, pale Bujora, Kisesa, mwezi wa 6. Jamani, Bulabo si pande zote zinaenda!

Cha kupima ni manju. Ukiingia upande umeingia kwa mwalimu, yeye ndiye anayekupa nyimbo na hatua. Na manju anajulikana siku watu wamehamia ng'ambo, upande wenu wamebaki watoto na mbwa wawili. Yuko anayeanza kutukana wachezaji wake hadharani. Yuko mwingine anabadilisha wimbo palepale, anamtania mpinzani, umati unarudi mbio huku unacheka. Huyo ndiye wa kumfuata, hata kama sare zake zimepauka. Dogo ameshawaona wote wawili uwanjani, anawajua vizuri tu, hizo spika ni kisingizio.

Na upande atakaouacha, mzigo wao urudi kabla msimu haujachanganya. Aupeleke mwenyewe, asimtume mama yake. Bi mkubwa wa watu kashachoka kupokea simu za pande mbili kila jioni, na hata ngoma yenyewe hachezi.