Wapigaji Hawakuwa Wabovu, Nakala Ndiyo Mbovu

Wadau, kuna kauli moja inanichosha. Kila ukiwawekea vijana wenzangu wimbo wa Morogoro Jazz au Western Jazz, utasikia: "Zilipendwa tamu, lakini sauti mbovu bwana. Enzi zile hawakuwa na vyombo." Mwingine ataongeza kwamba hata magitaa hayakutyuniwa vizuri. Tunasema kirahisi tu, kana kwamba tumewahi kusikia kile kilichorekodiwa. Wengi wetu hatujawahi!

Tujiulize tunasikia nini hasa. Bendi zilikuwa zinaingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, wote wanapiga kwa pamoja: solo, rizimu, besi, tumba, saksafoni na waimbaji. Mpiga tumba akikosea mwishoni, wimbo unaanza upya. Hapo unahitaji watu wanaojua kazi, sio kompyuta ya kuwaficha. Kutoka kwenye mkanda ule wimbo ukaenda hewani, mtu akaunasa kwa redio kaseti, jirani akarudufu, miaka ikapita, mwingine akauingiza kwenye kompyuta na kuubana kuwa MP3. Hiyo ndiyo tunayoisikiliza leo na kuitolea hukumu.

Kwetu Ijumbi, kule Muleba, kaseti za namna hiyo zilipigwa kwenye redio za betri, tena betri zilizoanikwa juani ili zijikongoje siku mbili zaidi. Betri ikichoka, kaseti inazunguka polepole na gitaa la Mbaraka Mwinshehe linashuka. Ukichukua gitaa lako ufuatishe, hupati noti yake popote, iko katikati ya mbili. Halafu tunasema mzee hakutyuni...

Jambo hili limewapata hata wakubwa. Miles Davis alirekodi Kind of Blue mwaka 1959. Mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipowekwa kwenye santuri zikatoka kasi na juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Dunia nzima ilisikiliza hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Toleo la 1992 ndilo lililosahihisha, na liliwezekana kwa sababu moja tu: siku ile kulikuwa na mashine ya pili ya akiba, iliyokwenda kwa kasi sahihi, na mkanda wake ulitunzwa.

Somo ni hilo. Kosa likiwa kwenye nakala, dawa iko kwenye mkanda wa kwanza. Sisi mikanda ya RTD iliachwa mikononi mwa TBC. Katika miaka ya 1970 nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kazi hiyo ilifanyika Nairobi, na mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Kwa hiyo zipo nyimbo ambazo mkanda wa redio ndiyo nakala pekee yenye maana. Mkanda ule ukioza, wimbo ndiyo umekwisha.

Wapo wanaosema tuzisafishe, tuondoe ule mchakacho na kuongeza besi. Mimi napinga. Mchakacho unakaa sehemu ile ile ya juu wanakokaa manyanga, matoazi na makali ya gitaa la solo. Ukiufuta kwa pupa unafuta na mkono wa mpigaji. Bora mchakacho kuliko gitaa lililofunikwa blanketi.

Jambo la pili ni majina. Santuri za Blue Note kwa kawaida zinakuambia nani kapiga besi, nani kapiga ngoma. Sisi tunaandika "Mbaraka Mwinshehe" basi, kama vile alipiga vyombo vyote peke yake. Mbaraka alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Jina lake limebaki. Je, mpiga rizimu wake? Familia yake itadaije haki kama hata jalada halimjui?

Wageni wameshaanza. Dizim ya Ujerumani ilitoa CD za Mbaraka na Salum Abdallah, na mwaka 2007 Buda Musique ya Ufaransa ikatoa Zanzibara 3, mkusanyiko wa muziki wetu wa miaka ya 1960. Nawashukuru. Lakini mikanda iko Dar, na baadhi ya wazee wanaokumbuka nani alipiga nini bado wako hai. Hao hawatatungoja.

Najua mtu atasema kuna madawati na dawa za hospitali kwanza. Sawa. Lakini mkanda hausubiri bajeti. Na nyimbo hizi zikitolewa vizuri zinauzika, wenyewe wakalipwa.

Kwa hiyo ukiletewa CD ya "zilipendwa", uliza: imetoka kwenye mkanda gani, kasi yake ni sahihi, na nani alipiga? Muuzaji akikosa jibu, usimlaumu Mbaraka.