Sikio la Barabarani Lina Wenyewe

Wapo wanafunzi wenzangu wanaodai kwamba hedifoni ni jambo la mtu na masikio yake. Kila mmoja anunue azipendazo, avae atakavyo, na asiyependa anyamaze. Nami nilisema hivyo hivyo mpaka asubuhi moja, nikikimbia Buterere, nilipomwangusha mzee wa watu bila kumgusa.

Nilikuwa kwenye njia ya udongo yenye mitaro pande zote mbili. Masikio yangu nilikuwa nimeyaziba kwa zile hedifoni ndogo za mpira zinazoingia ndani kabisa ya tundu. Nyuma yangu alikuja mzee na baiskeli iliyopakia trei za mayai. Akapiga kengele, akaita. Mimi nikaruka upande kukwepa dimbwi, nikamwingilia njia yake, naye ili asinigonge akapinda na kutumbukia mtaroni. Nilipogeuka, gurudumu lilikuwa bado linazunguka juu. “Mwanangu,” aliniambia akijipangusa, “nimekupigia kengele mara tatu.” Hakunitukana. Nilimpa fedha zote nilizokuwa nazo, na hazikutosha hata trei moja.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na hoja ya “masikio yangu”. Anayetembea au kukimbia barabarani hana kioo cha kutazamia nyuma. Kioo chake ni sikio. Tena hapa kwetu linahitajika zaidi. Malori ya taka hupita kuelekea jalalani. Mwezi wa Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura, zikabaki kutafuta riziki huku pembezoni. Uhaba wa petroli wa miaka hii nao umewashusha wengi kwenye magari na kuwatembeza kwa miguu. Sote tunagawana njia ile ile nyembamba, na kengele ya baiskeli ni ombi: “Nipishe.” Anayejiziba masikio amekataa ombi kabla halijatolewa. Amekataa hata salamu ya jirani, na huo si uungwana wa hapa.

Basi tunapochagua hedifoni za mazoezi na za kila siku, swali la kwanza liwe: nikizivaa, nitaisikia kengele? Kwa swali hilo, hedifoni za mfupa zinashinda zile za kuziba. Hazikai ndani ya sikio. Hukaa kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, zikautetemesha, na mtetemo ukapita kwenye fuvu hadi kwenye koklea, kile kiungo cha ndani chenye umbo la konokono, bila kupitia kiwambo cha sikio. Jambo hili si geni: Girolamo Cardano wa Italia alieleza katika karne ya 16 namna sauti inavyoweza kumfikia mtu kupitia fimbo aliyoishika kwa meno. Faida yake kwetu ni kwamba masikio yote mawili yanabaki wazi. Nasisitiza yote mawili, kwa kuwa ubongo hutambua upande sauti inakotoka kwa kulinganisha sikio la kulia na la kushoto.

Wapinzani wangu watasema besi yake ni hafifu, na lori likipita muziki unamezwa. Ni kweli, niliazima za binamu yangu kwa wiki mbili, nikajionea. Lakini malalamiko hayo yanamfaa anayekimbia juu ya mashine chumbani. Huku nje, lori likipita, lina haki ya kusikika kuliko wimbo wangu. Wanachokiita kasoro ndicho ninachokitafuta.

Hata hivyo sitawaunga mkono wauzaji wanaosema kwamba hedifoni hizi haziharibu masikio. Sauti haipiti kwenye kiwambo, lakini inafika kwenye koklea ile ile, na huko ndiko kelele huharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80; kwa desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Anayeongeza sauti ili ashindane na lori anajiumiza, na barabara haisikii tena.

Tena tujihadhari na bandia. Za kwanza nilizonunua ziliandikwa “mfupa” kwenye boksi, kumbe zilikuwa spika mbili ndogo zilizoning’inia karibu na sikio. Kuzipima ni rahisi: zivae, washa muziki, kisha ziba masikio kwa vidole. Za mfupa wa kweli zitasikika zaidi, hasa besi. Sauti ikififia, umeuziwa spika. Tazama pia alama ya IP67. Tarakimu ya 6 inamaanisha vumbi haliingii kabisa. Ya 7, kwamba zinastahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa vumbi la kiangazi na madimbwi ya masika ya Buterere, hilo lina maana kuliko rangi ya boksi. Na anayevaa miwani au mtandio azijaribu akiwa amevaa, maana zisipogusa mfupa vizuri hazisikiki.

Hoja ninayoiheshimu ni ya bei. Shokz OpenRun, za kampuni inayojulikana sana kwa hedifoni hizi, zilitoka kwa karibu dola 130 za Marekani. Wengi wetu hatuna fedha hizo, na mimi simo miongoni mwa walionazo. Lakini kukosa za mfupa si ruhusa ya kuziba yote mawili. Vaa moja, sikio la upande wa barabara libaki wazi; ni nafuu ya pili, kwa kuwa upande wa sauti hutautambua vizuri. Palipobana, vua kabisa. Ama fanya ninavyofanya sasa: jiunge na vikundi vya asubuhi vinavyokimbia vikiimba na kupiga makofi. Muziki upo, mdundo upo, na hakuna aliyezibwa.

Kwingine jambo hili halijaachwa kwa matakwa ya mtu. Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2015, dereva au mwendesha baiskeli akikutwa na hedifoni masikioni hutozwa faini ya euro 135. Sisi tunaotembea na kukimbia sheria hiyo haitugusi, wala siombi itungwe hapa. Naomba adabu tu, ile inayotufanya tumpishe mwenye mzigo kichwani bila kuamriwa na polisi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asubuhi ile mimi sikusikia, na aliyeanguka ni mkuu mwenyewe. Anayebisha nitamsikiliza, ila kwanza anijibu: mayai ya yule mzee yalikuwa jambo langu na masikio yangu?