Presha ambayo mashine ya mkononi haiioni

"Presha yako nzuri, mama." Maneno hayo nayasikia sana kwenye zahanati zetu za kando ya Ziwa Victoria, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini mama mmoja anayebanika samaki aliambiwa hivyo huku miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na pumzi zikimkata kila akipanda kutoka mwaloni. Mkononi presha ilikuwa 118 kwa 76. Iliyopanda ni ya mapafuni.

Mimi ni muuguzi, na jambo hili linaniuma kwa sababu moyo hutupa muda wa kutosha.

Upande wa kulia wa moyo husukuma damu kwenda mapafuni. Kwa mtu mzima mwenye afya, presha ya njia hiyo akiwa amepumzika ni wastani wa milimita 14 hivi za zebaki. Ikizidi 20, kuna ugonjwa. Kwa kuwa kazi ni nyepesi, ukuta wa chumba hicho cha kulia ni mwembamba, milimita 3 hadi 5, ilhali wa kushoto hukaribia 10. Mishipa ya mapafu ikibana, ukuta huo hunenepa kama mikono ya mvuta makasia, na kwa miezi au miaka unaumudu mzigo. Hapo ndipo tunapowapoteza wagonjwa. Mtu bado anakwenda shamba, analalamikia uchovu tu, nasi tunamwambia ni umri, apumzike.

Kisha nguvu zinakwisha. Chumba kinatanuka na kubana upande wa kushoto usijae damu vizuri, vali inavuja, mishipa ya shingo inatuna, ini linavimba. Ndugu wanaanza kutafuta aliyemroga.

Visababishi tunaishi navyo: vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, makovu ya kifua kikuu, moshi wa miaka mingi, kichocho, selimundu. Na si vyote havina dawa. Vali ya kushoto iliyobana ikifunguliwa mapema, presha ya mapafu hushuka, na ukuta ulionenepa unaweza kupungua tena. Tukichelewa mno, nafasi hiyo inapotea.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Halmashauri zitenge fedha za mashine ya eko, inayopiga picha ya moyo, na mtu aliyefundishwa kuitumia, katika kila hospitali ya wilaya. Zipo ndogo za kubebeka, na mgonjwa wa Ukerewe asilazimike kuvuka maji hadi Mwanza kwa picha ya moyo tu. Nasi wauguzi, kila aliyemaliza dozi ya TB na bado anahema, tumuulize husimama mara ngapi akipanda mlima, tumbonyeze miguu, tumwangalie shingo, kisha tumwandikie rufaa siku hiyohiyo, hata kama mashine ya mkononi imesoma vizuri.